Mhasibu na Kampuni Changa ya Teknolojia: Mambo Anayopaswa Kujua Mmiliki na Mteja

Wilaya ya Bahi, iliyoanzishwa mwaka 2007 kutoka iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini, inajulikana kwa mpunga wake. Reli ya Kati na barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida hupita katika wilaya hiyo, na magunia husafirishwa kupitia njia hizo hadi masoko ya mbali. Kwa muda mrefu kumbukumbu za mpunga uliohifadhiwa kwenye maghala ziliandikwa katika madaftari. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanywa kwa simu: mkulima akiweka gunia ghalani, hupokea ujumbe unaoonyesha idadi, uzito na tarehe.

Huduma ya namna hiyo hutolewa na kampuni ya teknolojia, hata kama kampuni yenyewe ni vijana wawili na kompyuta mbili. Mteja anapoilipa kampuni hiyo, huwa ameikabidhi fedha pamoja na kumbukumbu zake. Kwa sababu hiyo, namna kampuni inavyotunza hesabu zake ni jambo linalomhusu mteja pia. Katika somo hili tunaeleza kazi ya mhasibu wa kitaalamu katika kampuni inayokua, na tunataja maswali ambayo mmiliki na mteja wanapaswa kuyauliza mapema.

Fedha iliyopo mkononi si lazima iwe faida

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana wawili wa Bahi wametengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za maghala na mashine za kukoboa mpunga. Mwezi Juni, wakati mavuno yameingia na fedha zipo, wenye mashine na maghala 60 wanalipa shilingi 240,000 kila mmoja kwa huduma ya mwaka mzima, kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 31 Mei. Kampuni inapokea shilingi 14,400,000 kwa mara moja.

Gharama za kila mwezi ni hizi: kukodi mitambo ya kuhifadhi taarifa na kutuma ujumbe, shilingi 300,000, mishahara ya wasaidizi wawili, shilingi 500,000, pango la ofisi, shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 900,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 10,800,000 kwa mwaka.

Vijana hao wakiona salio la milioni kumi na nne, wanaamini kwamba biashara imeshamiri. Wananunua pikipiki na kompyuta mpya kwa shilingi 7,000,000. Salio linabaki shilingi 7,400,000. Fedha hiyo inatosha kulipia miezi minane tu, yaani Juni hadi Januari. Mwezi Februari akaunti ina shilingi 200,000, na ujumbe hauwezi kutumwa tena.

Mkulima aliyeweka gunia 20 ghalani alizihifadhi kwa makusudi, ili auze wakati chakula kinapoadimika na bei inapopanda. Februari ndio wakati wenyewe. Akifika ghalani akakuta kumbukumbu hazisomeki, atathibitishaje idadi ya magunia yake? Huenda mwenye ghala ni mwaminifu, lakini uaminifu usio na maandishi huzaa ugomvi. Aliyekosea hakuwa mwizi. Alikosa mtu wa kumweleza kwamba fedha aliyoiona bado haikuwa yake.

Mhasibu angefanya nini?

Mhasibu angeanza kwa kuandika shilingi 14,400,000 kama deni la huduma kwa wateja, kisha angehamisha sehemu yake kwenda kwenye mapato kila mwezi kadiri huduma inavyotolewa. Shilingi 240,000 zikigawanywa kwa miezi 12 ni shilingi 20,000. Kwa wateja 60 ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Agosti kampuni ingekuwa imestahili mapato ya shilingi 3,600,000 tu. Shilingi 10,800,000 zilizobaki bado zingekuwa deni.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba ziada halisi ya mwezi ni shilingi 300,000, na ya mwaka mzima ni shilingi 3,600,000 kabla ya kodi na kabla ya uchakavu wa vifaa. Hivyo mwezi Juni vijana hao hawakuwa na milioni kumi na nne za kutumia. Hata hiyo milioni tatu na laki sita walipaswa kuigusa kwa hadhari, kwa maana kodi bado haijatolewa.

Mhasibu angewaeleza pia tofauti ya faida na mtiririko wa fedha. Pikipiki itatumika miaka kadhaa, kwa hiyo katika hesabu ya faida bei yake hugawanywa katika miaka hiyo. Lakini fedha ya kuinunua hutoka yote siku ileile. Kampuni inaweza kuonyesha faida katika vitabu na bado ikashindwa kulipa mishahara. Kwa sababu hiyo mhasibu huandaa makadirio ya fedha zitakazoingia na zitakazotoka kila mwezi, ili upungufu wa Februari uonekane tangu Juni.

Fedha za mteja zisichanganywe na za kampuni

Ziko kampuni ambazo hupokea fedha kwa niaba ya wengine: mnunuzi hulipa kupitia programu, kisha kampuni humpelekea mkulima. Fedha hiyo si mapato hata kidogo. Mapato ya kampuni ni ada yake peke yake.

Tanzania ina mfano mzuri wa kanuni hii. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata. Fedha ambazo wateja huweka katika simu hutunzwa na benki katika akaunti za amana, mbali na fedha za uendeshaji za kampuni ya simu. Huduma hizo husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kwa kuwa fedha hizo zilihesabiwa kuwa za wateja, mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na akaunti ya amana.

Mfano wa upande wa pili unatoka Ujerumani. Wirecard ilikuwa kampuni kubwa ya teknolojia ya malipo. Mwezi Juni 2020 ilibainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika vitabu vyake, na kudaiwa kuwa zimo katika akaunti za amana, hazikuweza kuthibitishwa kuwapo. Siku chache baadaye kampuni iliomba kufilisiwa. Funzo ni kwamba salio lililoandikwa kitabuni halitoshi. Ni lazima lilinganishwe na taarifa inayotoka benki yenyewe. Kazi hiyo ya ulinganishaji, ambayo mhasibu huifanya kila mwezi, ndiyo kinga ya kwanza ya kampuni kubwa na ndogo.

Wajibu wa kisheria

Kampuni iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, inatakiwa na Sheria ya Kampuni kutunza vitabu vya hesabu na kuwasilisha taarifa ya kila mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kampuni hulipa kodi ya mapato kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 30 ya faida inayotozwa kodi, kwa makadirio yanayolipwa kwa awamu, na hutoa ritani ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha.

Kampuni inayokua huvuka mipaka bila kujua. Tangu Julai 2023, biashara ambayo mauzo yake yanafikia shilingi milioni 200 kwa mwaka hutakiwa kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mwajiri hutakiwa kukata kodi ya mishahara na kuiwasilisha, na kuwaandikisha wafanyakazi katika hifadhi ya jamii. Asiyekuwa na mtu wa kumkumbusha hugundua mipaka hiyo siku anapopokea hati ya madai yenye riba na adhabu. Viwango hivi hubadilika mara kwa mara kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kabla ya kuamua jambo, thibitisha katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Vitabu vilivyonyooka hufungua milango pia. Benki na wawekezaji huuliza hesabu za miaka iliyopita kabla ya kutoa fedha. Hata kikundi cha vijana kinachoomba mkopo wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), hujieleza vizuri zaidi kikiwa na kumbukumbu za mauzo na matumizi.

Namna ya kumchagua mhasibu

Si kila ajuaye kujumlisha ni mhasibu. Taaluma hii inasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hiyo hutahini, husajili na huwachukulia hatua wanaokiuka maadili. Mwenye sifa ya juu ya taaluma hutambulika kwa herufi CPA(T). Kabla ya kukubaliana, tunakushauri ufanye yafuatayo:

1. Omba namba yake ya usajili na uithibitishe NBAA. Mtaalamu wa kweli hakasiriki akiulizwa.

2. Andikeni mkataba unaotaja kazi zenyewe: kuandika vitabu, kulinganisha taarifa za benki, kuandaa ritani, au kutoa ushauri. Utaje pia ada na siku ya kukabidhi kazi.

3. Usimpe mhasibu fedha taslimu ili akakulipie kodi. Kodi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu, na wewe mwenyewe unaweza kulipa na kubaki na uthibitisho.

4. Neno la siri la akaunti yako ya mlipa kodi liwe mikononi mwako. Wamiliki kadhaa hujikuta wameshindwa kuingia katika akaunti zao baada ya kuachana na mhasibu.

5. Tenganisha kazi. Anayeandika vitabu asiwe ndiye mwenye mamlaka ya kutoa fedha benki, wala asiwe ndiye anayevikagua.

6. Dai taarifa ya kila mwezi unayoielewa. Ukurasa mmoja unaoonyesha fedha iliyopo, deni la huduma, madai na kodi inayokaribia kulipwa unatosha kwa kampuni ndogo. Usichokielewa, uliza hadi ukielewe.

Kampuni changa haihitaji kumwajiri mhasibu wa kudumu tangu siku ya kwanza. Inaweza kukubaliana na mtaalamu aje siku moja au mbili kwa mwezi, huku mmiliki akitunza stakabadhi kila siku. Ada hiyo ni gharama ya kweli, na si kila mmoja ataimudu kwa urahisi. Hata hivyo katika mfano wetu, ushauri wa siku moja mwezi Juni ungeokoa huduma ya miezi minne.

Maswali ya mteja kabla ya kulipa

Wewe unayelipia huduma nawe una haki ya kuuliza. Je, kampuni imesajiliwa, na inatoa risiti halali? Je, unaweza kulipa kwa mwezi au kwa miezi mitatu badala ya mwaka mzima? Ukilipa mwaka mzima kwa ajili ya punguzo, mkataba unasemaje kuhusu kurejeshewa fedha huduma ikikatika? Fedha zako za mauzo, zikipita kwa kampuni, zinakaa akaunti gani? Na je, unaweza kupata nakala ya kumbukumbu zako wakati wowote, iliyochapwa katika karatasi?

Swali la mwisho usiliache. Mkulima mwenye nakala iliyosainiwa na mwenye ghala ana ushahidi mkononi hata kama simu imenyamaza.

Ukiona umedanganywa katika biashara, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani, FCC. Ikiwa mhasibu aliyesajiliwa amekwenda kinyume cha maadili ya kazi yake, mlalamikie NBAA. Katika hali zote mbili, beba mkataba, risiti na ujumbe uliopokea.

Muhtasari wa somo

Fedha iliyolipwa kabla ya huduma ni deni, si faida. Fedha ya mteja ikae mbali na fedha ya kampuni. Salio la kitabuni lilinganishwe na la benki kila mwezi. Mhasibu athibitishwe kwa NBAA, na kodi ilipwe kwa mkono wa mwenye kudaiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ya simu ni daftari la siku hizi, na kampuni inayoiuza inapaswa kuwa na daftari lake pia.