Kadi za Michango Si za Kuficha

*Shikamoo Shangazi. Nasoma ubunifu wa michoro, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Kila kukiwa na ufunguzi wa maonyesho au mazungumzo ya wabunifu, nakwenda. Nasimama ukutani na soda yangu, natabasamu, narudi hosteli nimechoka. Wenyewe wanajuana. Juzi mama mmoja mwenye kampuni ya matangazo aliniuliza nafanya nini, nikamjibu bado nasoma, sijaanza. Kadi za michango ya harusi ninazotengeneza usiku ndizo zinanipa nauli, lakini hizo si za kuzitaja pale. Niendelee kwenda au niache?*
— *Wa Ukutani, Mabibo*

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata, na niliyoyatupa yalikuwa malalamiko juu ya mavazi ya watu, Kiingereza chao na wanavyokumbatiana. Nimebakiza sentensi uliyoipitisha mbiombio: kadi zinakupa nauli, lakini si za kuzitaja pale. Ugonjwa wako uko hapo. Mtu ambaye angeweza kukupa kazi amekuuliza swali jepesi, nawe umemdanganya. Wengi husema uongo ili wajikweze. Wewe umesema wako ili ujishushe, na bila shaka ulijiona mnyenyekevu. Mimi nauita kuikana kazi inayokulisha.

Hebu tuitazame hiyo kadi unayoionea haya. Inabeba jina la familia inayoomba, jina la kijana wao, nafasi ya kujaza jina la anayeombwa, tarehe ya harusi, siku ya mwisho ya kupokea michango, namba za simu za mwenyekiti na mweka hazina, na jina litakalotokea fedha zikitumwa. Yote hayo yasomeke kwenye kioo cha simu, maana siku hizi kadi nyingi hupita WhatsApp, na yasomeke vilevile kwenye karatasi ya babu asiye na simu janja. Tena kadi yenyewe inaomba pesa. Ikipooza, anayeipokea haoni haja ya kuharakisha. Ikizidi mbwembwe, anajiuliza wenye mali hivi wanachangisha kwa nini. Tarakimu moja ikikosewa, mchango unaingia kwa mtu baki. Kujua kipi kitangulie, kipi kikuzwe na kipi kiachwe ndiyo kazi uliyokwenda kusomea chuoni. Unaifanya usiku, kwa mteja mwenye haraka, na analipa.

Utaniambia kadi hizi ni za kunakili: maua yaleyale, pete zilezile, mwandiko wa dhahabu uleule. Ni kweli, nyingi ndivyo zilivyo, na kama zako zote ni hivyo basi una haki ya kuona haya. Ila dawa ya kazi hafifu ni kuitengeneza vizuri zaidi. Kuificha hakuiponyi. Wala usidhani kinachotoka mtaani hakina njia ya kufika ukumbini. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora wanyama wake kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, akauza Oysterbay kwa wapita njia. Alifariki mwaka 1972, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana nje ya mipaka yetu. Khanga nayo, yenye pindo, mji na jina, imekuzwa na wafanyabiashara waliosikiliza wateja wao wanataka kuvaa nini na kusema nini. Hata sheria haina dharau uliyo nayo wewe: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa kwa sababu tu imebuniwa, bila kujali ubora wake wala shughuli iliyokusudiwa. Sheria inakutambua kuwa mbunifu, wewe mwenyewe unakataa.

Hoja yako nyingine ni kwamba wenyewe wanajuana. Sibishi. Mjini kazi nyingi hupita kwa kujuana, na anayekwambia kipaji pekee kinatosha anakupumbaza. Lakini jiulize watu hao walianza kujuana kwa lipi. Yule alipiga picha fulani, huyu alishona gauni fulani, mwingine alichelewesha bango akaomba radhi. Mtu humkumbuka mwenziwe kwa kitu alichokifanya. Wewe umejitambulisha kwa jambo ambalo hujalianza, sasa wakukumbuke kwa lipi? Nafasi Art Space pale Mikocheni, tangu mwaka 2008, inajulikana kwa vyumba ambamo wasanii hufanya kazi. Mahali kama hapo, mazungumzo ya jioni ya ufunguzi yanafuata kazi ya mchana, na asiye na kazi ya kusimulia lazima atabaki na soda yake.

Uache kwenda? Usiache, ila punguza; jioni moja ukiwa na la kuonyesha inazidi nyingi za kusimama. Ubadili kozi? Hapana. Ujifunze kuchangamka? Utachangamka ukiwa na la kusema. Mtafute yule mama, umwambie ukweli kwamba unatengeneza kadi za michango, kisha umwonyeshe mbili kwenye simu: moja uliyolazimishwa na kamati, na moja uliyoipanga mwenyewe, umweleze kwa nini namba ya mweka hazina umeiweka pale ulipoiweka. Akicheka, umejua kwamba kwake hakuna kazi yako, na hujapoteza kitu. Akiuliza swali la pili, mmeshaanza kujuana.

Lililobaki ni kubwa kuliko kumbi zote. Aliyezoea kuificha kazi yake huzoea pia kuiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu hawezi kudai thamani ya kitu anachokionea haya. Naamini kamati zinakulipa "soda" na wewe unashukuru. Kuanzia kadi ijayo, andika jina lako na namba yako kwa herufi ndogo chini ya kadi, taja bei kabla ya kufungua kompyuta, na pokea nusu kabla ya kuanza. Kamati inayochangisha mamilioni ina fungu la mapambo, la ukumbi na la chakula. Ina fungu lako pia, uliombe.