Kura ni Ushahidi

Tumeulizwa katika darasa letu hapa Isiolo: "Sisi ni watu tuliohamia, kura yatuhusu nini?" Swali hili lataka jawabu, kwani wachache hulisema kwa ulimi, na wengi hulitenda kwa kukaa nyumbani.

Kwanza, tuwatazame wazee wetu. Waisaaq na Waharti walihudumu katika jeshi la Waingereza, na baada ya vita vya 1914 hata 1918 wengi wao wakapewa makao hapa. Serikali ya kikoloni ilipowawekea kodi ndogo kuliko ya Wahindi, Waisaaq waliteta, tangu 1936 mpaka 1941, wakitaka walipe ile kubwa! Hatusifu yote waliyoyataka, kwani walikimbia kuhesabiwa pamoja na wenyeji. Lakini walifahamu jambo moja: asiyeandikwa hana neno. Wao walikuwa tayari kununua daraja; sisi twapewa bure, twaiacha.

Pili, Mei 1963 Wasomali wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walisusia uchaguzi, kwa kutaka kuungana na Somalia. Sababu walikuwa nayo. Hata hivyo Bunge lilikutana, na mambo yao yakaamuliwa wao hawapo.

Tatu, Katiba ya 2010, kifungu cha 38, yampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura ya siri. Haimuulizi babu yake alitoka wapi.

Huenda mtu akasema: "Kizito ni kitambulisho." Ni kweli. Namjua kijana aliyerudishwa mara tatu, akitakiwa cheti cha babu yake. Basi ni nani atakayemsemea? Yeye hawezi kupiga kura, wewe waweza. Mwenye kitambulisho akikaa kitako, amemdhulumu asiye nacho.

Jueni kuwa kura ni ushahidi: washuhudia kwamba fulani anafaa kubeba amana. Dini yetu yakataza kuficha ushahidi, na yakataza kuuuza. Kwa hiyo asipewe mtu kura kwa kabila lake wala kwa noti zake.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Msingoje mwezi huo. Usiku wa leo kila mzee ahesabu nyumbani mwake waliotimia miaka 18, wa kiume na wa kike, aulize nani hajaandikishwa, na kesho amwongoze.