Kupima Nguvu za Programu za Sataranji

Mwaka 1996 Garry Kasparov, bingwa wa dunia, aliishinda kompyuta Deep Blue kwa alama 4 dhidi ya 2. Mwaka 1997 mashine hiyo, baada ya kuboreshwa, ilimshinda kwa 3½ dhidi ya 2½. Je, michezo sita yatosha kuamua nani hodari zaidi?

Tuchukue programu mbili, A na B. Ushindi hupewa alama 1, sare ½. Ili pasiwe na upendeleo, kila ufunguzi huchezwa mara mbili, programu zikibadilishana kete nyeupe na nyeusi, kwa muda ule ule wa kufikiri.

A ikipata alama 55 katika michezo 100, tusiharakishe kuisifu. Pasipo sare, bahati peke yake huweza kuyasogeza matokeo kwa takriban asilimia 5. Kosa hilo hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi ya michezo: katika michezo 10,000 hubaki asilimia ½ tu. Hapo asilimia 55 ni ushahidi thabiti.

Zoezi: Rusha sarafu mara 100, uhesabu vichwa. Rudia mara tano, kisha linganisha matokeo. Je, sarafu imebadilika?