Binti wa Darasa la Kumi na Wiki ya Homkamingi

Msomaji wa Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mama mwenye asili ya Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, kabla ya kuhamia huko na familia yake, ameomba ushauri kuhusu binti yake wa miaka 15, ambaye katika wiki ya homkamingi anataka kwenda shule Jumatatu na nguo za kulalia, anataka pambo la utepe la dola 200 kwa ajili ya Ijumaa, na anataka kwenda dansi usiku wa Jumamosi. Baba amekataza yote matatu kwa neno moja, binti amenuna hasemi na mtu, na mama, aliyebaki katikati, anauliza kama shule inayoruhusu mambo hayo ni shule kweli.

Ni shule kweli, na desturi yenyewe ina umri wa zaidi ya karne. Homkamingi ni sherehe ya majira ya vuli, hasa Septemba na Oktoba, ambapo shule au chuo huwaalika waliohitimu zamani warudi kutazama mchezo wa futiboli ya Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili unaochezwa zaidi kwa mikono. Vyuo kadhaa hugombea heshima ya kuianzisha, kikiwemo Chuo Kikuu cha Baylor kilichoko Waco, si mbali na Fort Worth, kilichowaita wahitimu wake mwaka 1909, na kile cha Missouri kilichofanya hivyo mwaka 1911. Shule za sekondari zilipoipokea ziliongeza ya kwao: siku za mavazi ya kupangiwa, mkusanyiko wa hamasa ambamo bendi na washangiliaji huwapandisha wanafunzi mori, uchaguzi wa mfalme na malkia wanaotangazwa mara nyingi wakati wa mapumziko ya mchezo, na dansi.

Suala la nguo za kulalia ni dogo kuliko linavyoonekana kwa mzazi aliyesoma katika shule za sare, ambako kuvaa tofauti na wenzake ni utovu wa nidhamu. Shule nyingi za umma za Marekani hazina sare, na wiki ya homkamingi ni mojawapo ya nyakati chache ambapo wanafunzi wote hupangiana vazi, hata ikawa anayekuja na nguo zake za kila siku ndiye anayeonekana amejitenga. Mama aliyewahi kufika harusini akakuta wenzake wote wameshona kitenge cha aina moja, na yeye hana habari, anajua uzito wa jambo hilo. Suruali pana ya kulalia na fulana vinatosha, havigharimu kitu, na ruhusa hii itolewe mapema, kwa moyo mweupe, ili mazungumzo ya pambo na dansi yasianzie kwenye ugomvi.

Pambo hilo lahitaji maelezo marefu kidogo, maana ni la Texas hasa, na mzazi mgeni hawezi kulikisia. Zamani mvulana alimpa msichana ua halisi la krisanthemamu alibandike kifuani. Siku hizi ua ni la bandia, limezungushiwa tepe ndefu za rangi za shule zinazoweza kufika magotini, kengele ndogo, vidubu vya kuchezea na majina yaliyoandikwa kwa herufi za kung'aa, na huvaliwa Ijumaa tangu asubuhi hadi mchezoni. Wenyeji huliita mamu, na wavulana huvaa dogo lake mkononi. Bei yake huanzia makumi ya dola na kufika mamia, kwa sababu tu ya ukubwa na ushindani, na hapa baba ana haki ya kugoma: hakuna elimu yoyote inayopungua kwa kukosa pambo la dola 200. Hata hivyo tepe, ua na kengele huuzwa vikiwa vipande katika maduka ya kazi za mikono, na familia nyingi za Texas zenyewe hutengeneza mamu mezani kwao. Mama akubali kiasi anachokimudu, kisha yeye na binti walitengeneze pamoja, na ikiwa kipande cha kitenge kitapenyezwa kati ya tepe, lisionekane kosa.

Kuhusu dansi, hofu ya baba ina msingi, ila imeelekezwa mahali pasipo pake. Kwa kawaida ukumbi husimamiwa na walimu, tiketi huuzwa kwa wanafunzi, mgeni wa nje huhitaji kibali, na kwenda na kundi la wasichana wenzake bila mvulana ni jambo la kawaida lisilomtia mtu aibu. Hatari iko katika saa zinazofuata, yaani sherehe za majumbani zisizo na mtu mzima, na safari ya kurudi. Sheria ya Texas humkataza dereva aliye chini ya miaka 18 mwenye leseni mpya kuendesha gari kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kwa dharura na sababu chache maalumu, au kubeba zaidi ya abiria mmoja wa chini ya miaka 21 asiye ndugu yake. Kwa hiyo gari la rafiki mwenye leseni kama hiyo lililojaa wasichana wanne ni kosa hata kabla mzazi hajasema lolote. Baba ampeleke mwenyewe, amsubiri mlangoni saa waliyokubaliana, na binti aelezwe wazi kwamba ruhusa inaishia hapo.

Kabla ya Jumamosi hiyo, wazazi wote wawili waende mchezoni Ijumaa, kwa kuwa baba aliyekataza hajawahi kukanyaga uwanja huo na hawajui marafiki wa binti yake wala wazazi wao, ambao wengi watakuwa wameketi majukwaani. Tiketi siku hizi hununuliwa mara nyingi kwa simu, na mkoba uwe wa plastiki angavu, maana viwanja vingi vya shule za Texas haviruhusu usioonyesha kilichomo.