Dondoo muhimu: Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia

Kitenzi kama "pick up" kijifunze ndani ya sentensi: "I'll pick you up at six", nitakupitia saa kumi na mbili. Angalia "you" ilivyojibana katikati, kama -ku- katika "nitakupitia". Hapa ndipo wengi huteleza. Nomino ina uhuru: "turn off the radio" au "turn the radio off", yote sawa. Kiwakilishi hakina: sema "turn it off", kamwe si "turn off it". Ila "look after" haipasuliwi: "she looks after him". Zile orodha ndefu za kukariri, kwa maoni yangu, zinachosha bure. Kwenye barua ya kikazi, "postpone" inapendeza kuliko "put off".