Kuwafundisha Wanafunzi Kujihadhari na Ulaghai wa Msimu wa Sikukuu

Kila mwaka zikaribiapo sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya, fedha nyingi hutoka mijini kwenda vijijini. Wafanyakazi huwakumbuka wazazi wao, wasafiri hukata tiketi, na kila nyumba huanza kuweka akiba ya sare na madaftari ya Januari. Walaghai nao huujua msimu huu vizuri. Katika makala haya tutaonyesha jinsi mwalimu wa Darasa la Tano hadi la Saba awezavyo kufundisha somo la kujihadhari nao kabla shule hazijafungwa.

Huenda mwanachuo akauliza: mtoto asiye na fedha wala simu ana haja gani na somo hili? Jibu ni kwamba katika nyumba nyingi mtoto ndiye msomaji. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, bibi apokeapo ujumbe asioweza kuusoma humwita mjukuu wake amsomee. Wakati huo akiba ya nyumba nzima hutegemea akili ya mtoto huyo.

Kiini cha Somo

Mwalimu asiye na uzoefu huelekea kuwaorodheshea wanafunzi hila moja baada ya nyingine. Orodha ya namna hiyo huchakaa upesi, kwani hila hubadilika kila mwaka. Yafaa mwalimu afundishe mambo matatu yaliyo chini ya hila karibu zote. Kwanza, mlaghai hugusa tumaini au hofu ambayo mtu tayari anayo. Pili, huhimiza haraka. Tatu, humtaka mtu afuate njia ile tu anayoonyeshwa. Kwa hiyo kanuni ya somo ni hii: tulia, uliza, kisha thibitisha kwa njia unayoijua wewe mwenyewe.

Hatua ya Kwanza: Kuuchunguza Ujumbe

Mwalimu aandike ubaoni: “Ile hela itume kwenye namba hii.” Kisha aulize: Ujumbe huu umemtaja nani? Ni hela ipi? Nani ameuandika? Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba hakuna aliyetajwa. Aliyeuandika hamjui msomaji; anabahatisha tu kwamba miongoni mwa wengi yupo aliyekuwa karibu kumtumia mtu fedha.

Hapa somo la Hisabati lisaidie. Tuchukulie kwamba ujumbe umepelekwa kwa watu 1,000, na 5 tu kati yao wametuma shilingi 30,000 kila mmoja. Mlaghai amepata shilingi 150,000. Hesabu hii huwaonyesha wanafunzi kwa nini ujumbe wa kijinga haukomi: wengi huupuuza, lakini wachache humtosha mlaghai.

Hatua ya Pili: Igizo

Mwanafunzi mmoja awe bibi, mwingine mjukuu. Mwalimu mwenyewe ndiye apige simu:

“Shikamoo, bibi. Mimi ni kondakta wa basi alilopanda mwanao. Amezidiwa njiani, tunamkimbiza hospitali. Tuma shilingi 40,000 sasa hivi, wala usikate simu!”

Igizo lisimame hapo. Darasa lijadili: Kwa nini bibi amekatazwa kukata simu? Wanafunzi wataona kwamba akikata ataweza kumpigia mwanawe, na uongo utafichuka. Igizo lirudiwe, safari hii mjukuu akisema kwa adabu: “Bibi, tukate kwanza, tumpigie baba kwa namba yake tuliyonayo.”

Hatua ya Tatu: Njia za Kuthibitisha

Mwalimu awaongoze wanafunzi kuandika yafuatayo katika madaftari:

1. Aliyeomba fedha apigiwe kwa namba yake ya zamani. Asipopatikana, aulizwe ndugu mwingine.
2. Mtu akidai ametuma fedha kwa makosa na kutaka arudishiwe, salio litazamwe kwanza. Hata kama fedha zimeingia kweli, zisirudishwe kwa mkono. Mtandao wa simu uarifiwe kwa kupiga 100.
3. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.
4. Tiketi ya basi ikatwe katika ofisi ya kampuni yenyewe, si kwa mtu wa njiani. Nauli ilinganishwe na ile iliyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).
5. Namba ya mlaghai ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeitenga kwa kazi hiyo.

Tahadhari kwa Mwalimu

Tumesema mwalimu ndiye aigize mlaghai, na tuna sababu. Mtoto anayeshangiliwa na wenzake kwa kudanganya vizuri huenda akakumbuka shangwe na kusahau somo.

Aidha, mwalimu asimcheke wala kumwita mjinga aliyelaghaiwa. Huenda darasani yumo mtoto ambaye nyumba yao imepoteza ada kwa njia hiyo. Ni lazima ielezwe wazi kuwa kosa ni la mlaghai. Pia, mtu anayeona haya hukaa kimya, na kimya chake humpa mlaghai nafasi ya kumwendea jirani. Aliyekwisha kutuma fedha asiogope kuuarifu mtandao wake na polisi mara moja, kwani akichelewa fedha huwa zimekwisha kutolewa.

Kupima Somo

Maswali ya kukariri hayatoshi. Mwalimu atunge ujumbe mpya ambao darasa halijapata kuuona, kwa mfano wa zawadi ya sikukuu inayotaka ada ya kuipokea, na kila mwanafunzi aandike: Unagusa tumaini gani? Haraka iko wapi? Wewe utathibitishaje? Atakayejibu vema maswali hayo matatu yuko tayari kumsomea bibi yake ujumbe wowote utakaoingia likizo hii.