Mizani ya Kidijitali, Simu na Daftari la Mwanachama

Somo la makatibu, wajumbe wa bodi na vikundi vya kujisomea

Msimu wa kakao ufikapo, mwanachama wa chama cha msingi huko Ipinda, Makwale au Ngonga huwasili ghalani na gunia lake juu ya baiskeli. Zamani alisimama mbele ya mizani ya saa, akautazama mshale ukizunguka mpaka ukatulia. Hata yule asiyejua kusoma barua aliweza kuona mshale umesimama wapi, na watu watatu waliokuwa nyuma yake walikuwa mashahidi. Siku hizi gunia huwekwa juu ya bamba la chuma, tarakimu huwaka upande wa karani, na karani huzitaja kwa sauti. Mwanachama huondoka akiwa amesikia uzito wa mali yake bila kuuona.

Somo hili halina nia ya kuilaumu mizani mpya. Kwa haki yake, mizani ya kidijitali ni chombo bora kuliko ile ya zamani. Haina chemchemi inayolegea kwa kuzeeka, nayo huonyesha sehemu za kilo ambazo mshale wa saa haukuweza kuzionyesha. Sheria ya Vipimo inataka ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kutiwa alama ya uhakiki, na alama hiyo mwanachama yeyote anaweza kuitafuta kwa macho yake kabla hajashusha gunia. Lakini hapana budi makatibu wafahamu kwamba chombo kilicho sahihi hakimfanyi mtu anayekisoma kuwa sahihi. Desturi mbaya ya kukata kilo haikuzaliwa na mizani wala haitakufa kwa mizani. Ikiwa kioo kinaonyesha kilo 48.6 na daftari likaandikwa 48, mashine imesema kweli na mwanachama ameibiwa.

Wengine husema nusu kilo si kitu. Tuchukue mfano wa hesabu tu, tukiweka bei ya shilingi 10,000 kwa kilo ili iwe rahisi kuzidisha. Wanachama 300 wakipunguziwa nusu kilo kila mmoja kwa siku moja ya kupima, zimepotea kilo 150. Hizo ni shilingi 1,500,000 zisizo na jina. Hazimo katika daftari la mwanachama, wala hazimo katika kitabu cha ghala, ila kakao yenyewe imo ghalani, nayo itauzwa. Mkaguzi wa hesabu atakapokuja atakuta ziada, na ziada isiyo na mwenyewe ni mlango wa wizi.

Tiba yake haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kioo cha mizani kigeuzwe kimwelekee mwenye gunia, au kinunuliwe kioo cha pili, kwani mizani nyingi za aina hii zina nafasi ya kukiunganisha. Uzito uandikwe pamoja na sehemu zake, bila kukatwa. Uzito wa gunia tupu upimwe mbele ya watu na kuandikwa ukutani, usikisiwe. Na stakabadhi itolewe pale pale, kabla gunia halijachanganywa na mengine, maana likishachanganywa hakuna mzani duniani utakaolitenga tena.

Kutoka mizani, hesabu huanza safari ndefu. Kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, na mnada huendeshwa kwa njia ya kielektroniki katika Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa herufi TMX. Faida ya mnada huu isibezwe. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda kwa namna isiyopata kuonekana, kwa sababu mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa yameharibika: mwezi Machi ilivuka dola 10,000 kwa tani, na Desemba ikavuka 12,000. Katika siku za mlanguzi anayezunguka vijijini na fedha mfukoni akinunua kakao mbichi, mkulima wa bonde la Mto Mbaka angelipata habari hizo baada ya kakao yake kwenda. Kwa mnada wa wazi bei hutangazwa, na tangazo hilo limewafumbua wengi macho.

Hata hivyo bei iliyotangazwa siyo fedha inayomfikia mkulima. Katikati yapo makato ya ushuru, ghala, usafiri, magunia, chama cha msingi na chama kikuu. Makato hayo mengi ni halali, na chama kisicho na ushuru hakiwezi kuishi. Shida ni kwamba zamani katibu aliyaandika kwa mkono, mstari kwa mstari, na akiulizwa alilazimika kueleza. Sasa kompyuta huyakokotoa yote na kutoa jumla moja, na katibu akiulizwa hujibu, “Mfumo ndio umetoa hivyo.” Jibu hilo lisikubaliwe katika chama chochote cha ushirika. Mfumo haukuchaguliwa na mkutano mkuu; katibu na bodi ndio waliopewa dhamana. Kila kato lenye jina katika azimio la mkutano liwe na mstari wake katika karatasi ya malipo, na kato lisilo na azimio liulizwe mpaka lipate mwenyewe.

Yamewahi kutokea mambo ya namna hii katika ngazi ya juu kabisa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika mfumo mpya, kazi ilivurugika: wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, utegemezi kwa wageni ulikuwa mkubwa, na hasara ikawa nzito. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni, na aliyehitaji alipaswa kuomba kibali. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua kuanzia miaka ya 1980. Uamuzi ule unaeleweka kwa wakati wake, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba. Lakini ulimhukumu asiye na kosa. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wenye kuweza kuihoji mashine na kugundua inapokosea. Vyama vya msingi leo vimo katika hatari ile ile kwa kipimo kidogo: kompyuta moja, kijana mmoja anayeijua, na siku akiugua au akihama, chama kizima hakiwezi kusoma hesabu zake.

Kwa sababu hiyo daftari la karatasi lisitupwe. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulioanzishwa chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, umerahisisha usimamizi na utoaji wa taarifa, nao utumiwe ipasavyo. Lakini Kyela ni nchi ya mvua nyingi na mito inayofurika. Umeme hukatika na mtandao hupotea hasa katika siku ambazo watu wana kakao ya kupima. Daftari lililoandikwa kwa wino, likatiwa sahihi na mwenye mali, halihitaji mtandao. Tena wazee wa ushirika wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa kwa amri na kazi zao kukabidhiwa mamlaka za mazao, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Katika mageuzi kama hayo, mwenye karatasi mkononi ndiye mwenye la kusema.

Sasa lije jambo la simu. Malipo ya mkulima hupitia benki au simu, na hilo limeokoa maisha, maana aliyekuwa akirudi kwake usiku na fedha za msimu mfukoni alikuwa akiviziwa. Lakini katibu anapoandikisha namba ya malipo afahamu kwamba anaandika ni nani mwenye kakao. Tuchukue mfano wa mama mjane asiye na simu, ambaye namba iliyoandikwa ni ya mwanawe anayeishi Mbeya. Fedha ikiingia, kijana ndiye anayepata ujumbe. Akiwa mwema, mama atapata. Akiwa na madeni, mama atapata maneno. Vivyo hivyo kwa mke anayechuma, kuvundika na kuanika kakao mwaka mzima, kisha akaunti ikawa ya mume peke yake. Mashine haina macho ya kuona nani aliyeshika panga shambani. Katibu anayo, na yampasa amwulize mwanachama mwenyewe, akiwa peke yake na bila haraka, “Fedha zako ziende wapi?”

Zaidi ya namba ya simu, sasa inachukuliwa namba ya shamba lenyewe, na hapa ndipo penye uzito mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni Na. 2023/1115, inayotaka kakao, kahawa na mazao mengine kadhaa yanayoingia katika soko lake yasiwe yametoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutekelezwa imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanajiandaa. Kila shamba lazima lijulikane lilipo. Lililozidi hekta 4 huchorwa mipaka yake yote; lililo dogo hutajwa kwa nukta moja, yenye tarakimu 6 baada ya pointi ya desimali. Mashamba mengi ya Kyela ni madogo, yenye kakao chini ya migomba, kwa hiyo nukta moja inatosha. Tarakimu ya sita hupima umbali wa sentimita 11 hivi. Kwa maneno mengine, mtu aliyeko Amsterdam ataweza kuweka kidole karibu na shina la mkakao wa mtu wa Busale.

Lengo la kulinda misitu ni jema. Swali ni nani anayekaa na namba hizo. Mnunuzi akimtuma kijana mwenye simu azunguke mashambani kuzikusanya, namba zitakaa kwa mnunuzi. Mwakani chama kikitaka kumwuzia mwingine mwenye bei nzuri zaidi, huyo mwingine hana ramani, na kakao haiwezi kuingia Ulaya bila ramani. Mkulima atakuwa amefungwa kwa mnunuzi wa kwanza bila kutia sahihi mkataba wowote. Chama kikikusanya chenyewe, namba zikawekwa katika chama kikuu na nakala ikabaki katika chama cha msingi, kila mnunuzi atazipata kwa ruhusa na kwa mzigo alioununua tu. Gharama itakuwapo, lakini ni ndogo kuliko kupoteza uhuru wa kuuza.

Kishawishi kitakuwapo pia. Mwaka 2023 huko Nairobi watu walipanga foleni ndefu kupigwa picha za mboni za macho na mradi ulioitwa Worldcoin, wakilipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa za Kenya. Serikali ya Kenya ilisimamisha kazi hiyo Agosti mwaka ule, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Katika vijiji vya Kyela hatapita mtu wa kupiga picha macho. Atapita mwenye fulana, turubai la kuanikia, au gunia jipya, na fomu ya kutia dole gumba.

Mwanachama hakuachwa bila ngao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuelezwa kwa nini taarifa zake zinachukuliwa, haki ya kuziona, na haki ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Inampa pia ulinzi dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, chama kinachokusanya majina, namba na alama za vidole vya wanachama kina wajibu mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sawa na benki. Katibu anayebandika ukutani orodha ya majina pamoja na namba za simu na kiasi cha malipo, akidhani anatenda uwazi, huenda anawafungulia matapeli mlango. Uwazi wa ushirika ni kuonyesha hesabu za chama kwa wote, na hesabu ya mtu kwa mwenyewe.

Makarani nao wameingiwa na hofu kwamba mashine itawaondoa kazini. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Kazi ya kunakili stakabadhi katika madaftari matatu itakwisha, na ni heri iishe. Lakini kazi ya kulinganisha daftari na kompyuta kila jioni, ya kumsomea asiyejua kusoma, na ya kumjibu mwenye malalamiko, itaongezeka, na bodi isiharakishe kupunguza watu kabla haijaipangia wenyewe. Vijana waliomaliza shule nao wachaguliwe na wanachama, kwa zamu, kusoma kioo cha mizani kwa niaba ya wazee. Posho yao itokane na zile nusu kilo ambazo hazitapotea tena.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Mizani ya chama chenu ilihakikiwa lini, na nani ameiona alama? Namba za mashamba yenu ziko mikononi mwa nani leo? Je, kuna mwanachama ambaye malipo yake yanaingia katika simu isiyo yake, na aliridhia? Kisha kila mmoja afanye hesabu hii: mwanachama alipima mara tatu, kilo 31.4, kilo 27.8 na kilo 40.6, daftari linaonyesha 31, 27 na 40. Ikiwa bei ni shilingi 10,000 kwa kilo, anadai kiasi gani, naye ataonyesha karatasi ipi atakapodai?